“I am deeply humbled” au “Mmenipa heshima kubwa”?

Anayepewa tuzo au cheo siku hizi husimama na kusema, “I am deeply humbled.” Kwa Kiingereza inapita, na ukumbi ukiwa wa wageni wa kila taifa sina ugomvi nayo. Ila asili yake ni Kilatini, humilis, yaani aliye chini, neno lenye undugu na humus, udongo. Hata leo timu iliyochapwa mabao mengi huambiwa “humbled”. Aliyeinuliwa anasema ameshushwa! Ukiitafsiri neno kwa neno unapata “nimenyenyekezwa”, na msikilizaji atauliza nani kakuonea.

“Mmenipa heshima kubwa” inakwenda njia nyingine: inawataja waliotoa. Mzigo wa sifa unarudi kwao, na hapo ndipo unyenyekevu wetu ulipo. Pwani watasema “ni hisani yenu, mimi sikustahiki”, nayo ni tamu zaidi. Ila usiseme kwamba wamekuvika kilemba. Wengine watasikia kilemba cha ukoka.

Nilikuwapo mwalimu mmoja alipoagwa kustaafu. Alianza na ile ya Kiingereza, karatasi ikimtetemeka mkononi. Mama yake, kiti cha mbele, akavuta kanga na kumuuliza jirani, “Kasema nini?” Mwalimu akamwona. Akaikunja karatasi.

“Mama, wazazi wenzangu, mmenipa heshima kubwa. Sina cha kuwalipa, Mungu atawalipa.”

Bibi yule akapiga kigelegele, na ukumbi mzima ukampokea.