Suruali za mpira na mabuti ya bwawani: nilichopata Lubumbashi kwa makuta (pesa) kidogo

Kabla ya 30 Juni kila mwenye bwawa la tilapia upande wa mto Kafubu anataka kuvua, kwa sababu mjini sikukuu ya uhuru bila samaki mezani inaonekana nusu. Ubaya ni kwamba Juni ndiyo baridi yetu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 tilapia mwenyewe anapoteza hamu ya kula, na huyo amezaliwa humo. Mtu wa kuvuta kokoro, ule wavu mrefu, alfajiri kwa kaptula, ukimpata leo, kesho harudi. Vijana wangu walinena wazi: "Mama, bila bote (mabuti) hatuingii." Nikazunguka na dola zangu chache.

Nilianzia soko la Kenya, komuni yetu ya hapahapa Lubumbashi, siyo nchi. Kuna suruali za PVC, plastiki nzito, zinazofika kifuani, rangi ya kijani, buti zimeunganishwa chini kabisa, mikanda inapita mabegani. Muuzaji alianza na dola 45, tukakubaliana kwenye 30. Ni nzito na hazipitishi hewa. Ukivuta wavu nusu saa unatoka umelowa jasho. Sasa faida iko wapi, kama kulowa utalowa tu? Faida ni kwamba jasho ni la vuguvugu, maji ya bwawa siyo.

Usilipe kabla ya kuipima. Kunja sehemu ya juu kama unavyofunga mdomo wa gunia, hewa ibaki ndani, uisukume mpaka miguuni, kisha pitisha shavu lako karibu na mishono. Muuzaji alinuna: "Yaya (dada), unanunua ama unapima damu?" Nikaendelea kupima. Ya kwanza ilikuwa inapumua pale buti linapokutana na mguu, nikamrudishia. Sehemu nyingine ya kukagua ni mshono wa katikati ya miguu, kwa sababu ndio unaovutwa kila mtu anapochuchumaa au kupanda ukingo. Halafu kunja goti kwa mkono: PVC ikibaki na mstari mweupe uliokakamaa, imekaa ghalani muda mrefu, itapasuka hapohapo.

Lakini nikiulizwa na mwenye bwawa mwenzangu, nitamwambia aache hizo za kifuani. Mabuti marefu yanayofika mapajani, yale yenye kamba ya kufunga kwenye mkanda wa kiunoni, niliyapata kwa dola 18, na ndiyo yanayofanya kazi nyingi zaidi kwangu. Sababu ni rahisi. Bwawa la kufugia upande wa kina huwa na mita moja na kitu, na kabla ya kuvuna unafungua bomba la kutolea maji. Kokoro likiingia, maji yako magotini. Ya kifuani nilinunua moja tu, ya yule anayeingia wakati maji bado yamejaa, kuzibua kichujio cha bomba au kutoa majani. Anayevua mtoni au pembeni mwa ziwa la Mwadingusha, sawa, huyo anahitaji ya kifuani. Mwenye bwawa lenye bomba akiinunua, analipia kitambaa ambacho hakitagusa maji.

Kwenye mitumba nilionyeshwa nyingine ya Ulaya, nyepesi, ya kitambaa kinachotoa jasho nje bila kuingiza maji. Nzuri kwa macho, nakubali. Dola 40. Ila chini haina buti, ina soksi nene ya mpira laini, na soksi hiyo ukiikanyagia changarawe imekwisha. Lazima ununue viatu vya kuvalia juu yake. Hesabu hiyo watu wengi wanaisahau, bei inapanda karibu mara mbili ukiwa bado sokoni. Pia kitambaa kile kikizeeka matundu yake hayaonekani. Unahitaji kuingia chumba cha giza, kutia tochi ndani ya mguu na kutafuta nukta za mwanga. Mimi nilitumia choo cha muuzaji. Niliona nyota.

Kama mtu ameshapewa hiyo bure na ndugu aliye Ubelgiji, basi viatu asitafute mbali. Huu ni mji wa migodi. Viatu vya usalama vilivyotumika vimejaa, vizito kidogo kwa sababu ya chuma cha vidoleni, lakini soli yake inashika. Chagua namba moja au mbili juu ya yako ili soksi ienee, toboa matundu mawili madogo pembeni karibu na soli ili maji yatoke, basi. Wavuvi wa Ulaya na Marekani wanapenda soli ya manyoya yaliyoshindiliwa, kwa sababu inashika mawe yenye utelezi, na wengine wanagundisha kipande cha zulia chini ya kiatu cha zamani wapate kitu hichohicho. New Zealand waliipiga marufuku soli hiyo mwaka 2008, kwani inakaa na unyevu na kusafirisha mwani mbaya kutoka mto hadi mto. Kwetu kwenye tope haisaidii kitu. Tope linataka meno marefu ya mpira.

Jambo moja sitaki mtu abane makuta: mkanda wa kiunoni, juu ya suruali ya kifuani. Nyingine zinauzwa bila mkanda, funga hata kamba ya kitenge. Vijana wanaamini suruali ikijaa maji inakuvuta chini. Hapana, maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Tatizo ni kwamba miguu haiendi tena unavyotaka, na ukijaribu kupanda ukingo, maji yote yaliyo ndani unayabeba. Mkanda ukikaza, kinachoingia ni kidogo na unapata muda wa kutoka.

Kuhusu kutunza: juani usianike, jua linaua mpira na PVC. Geuza ndani nje, ning'iniza kivulini miguu ikiwa juu, na mbali na panya, maana chumvi ya jasho wanaipenda. Gundi ya viraka vya baiskeli inashika mpira wa kweli tu. PVC inataka gundi yake, waulize mafundi wa maturubai ya malori. Kwangu fundi alibandika kiraka cha turubai gotini na bado kinashika.

Manung'uniko yangu ni ya namba. Yote niliyoyaona yanaanzia 41, kana kwamba mwanamke hana bwawa. Navaa 38. Nimeweka soli mbili za ndani na soksi ya sufu, na kwenye tope buti bado linataka kubaki nyuma yangu. Muuzaji ameniambia atauliza kwa watu wake wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nimemwachia namba ya simu, si pesa.