Fundi aliyeurekebisha mlango wa chumba cha mama

Mlango wa chumba cha mama ulianza kukwaruza zulia mwezi wa Aprili, mvua zilipokolea hapa Bombo, Uganda. Februari tulikuwa tumetoa zulia la plastiki tukatandika zulia nene la manyoya, miguu yake isishikwe na baridi. Mama ana goti bovu. Akiamka usiku mlango unamkwamia katikati, inambidi ausukume kwa bega. Zulia lenyewe lilishaanza kung'oka nyuzi, alama kama mwezi mchanga pale mlango unapopita.

Fundi wa kwanza, simtaji, alishika msumeno kabla hajavua kofia. Alitaka kukata inchi nzima. Nikamkatalia. Inchi nzima chini ya mlango ni kuwafungulia mende na vumbi njia, na mbao iliyokatwa hairudi.

Huyu ninayemsifu ana karakana ndogo ya vitanda na milango kando ya barabara ya kwenda Wobulenzi. Alichelewa, tuliagana saa mbili, akafika saa tano, na hilo sikulipenda. Lakini alipofika hakugusa msumeno. Alifungua mlango, akaufunga polepole, kisha akaniita: "Mama, hebu tazama huku juu." Pengo la juu upande wa bawaba lilikuwa jembamba, upande wa kitasa lingepitisha kidole. "Mlango umelala. Tusikate kwanza."

Skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zinazunguka bure, matundu yamelika. Alichonga vijiti vya mvule, akavipaka gundi, akavigonga ndani ya matundu hadi vikajaa, akavikata sawa na fremu. Gundi ilipokauka akafunga skrubu ndefu zaidi. Mlango ukanyanyuka, ila bado ulikuwa unagusa manyoya ya zulia.

Hapo ndipo alipopima. Aliweka kipande cha kadibodi juu ya zulia, penseli ikalala juu yake, akaisukuma kutoka pembe hadi pembe ikichora mstari kwenye mlango. Mahali pa kukata zaidi palikuwa milimita 6 tu! Akaukata mstari kwa kisu kwanza mbao isichanike, akaushusha mlango, akapiga randa kutoka kila pembe kuja katikati. Nilimuuliza kwa nini asivushe randa moja kwa moja. Akasema ikitokea upande wa pili inang'oa kipande cha pembeni.

Halafu akanionyesha jambo ambalo miaka yote sikulijua: ukingo wa chini haukuwahi kupakwa chochote. Mbao tupu, inakunywa unyevu kila masika na kuvimba. Akaupaka vanishi, akarudi kesho yake kuupaka mkono wa pili, ndipo akaupachika.

Nililipa shilingi 45,000, skrubu na vanishi ndani yake. Kwa siku mbili za kazi, sioni ghali. Nilichomlaumu ni kuulaza mlango juu ya viti vyangu viwili vya mezani. Kimoja kimepata mchubuko. Nilimwambia, akaomba radhi na kukipiga msasa.

Sasa mlango wa jikoni nao umeanza kuburura. Nimemwambia aje Jumamosi, na nimeshaazima benchi kwa jirani.