Mama Yetu kwa Penseli: Mchoraji wa Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu

Picha pekee ya mama yetu alipokuwa kijana ilipigwa kwa ajili ya kitambulisho. Zamani kipande, yaani kitambulisho hicho, kilikuwa cha wanaume tu. Wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mama alikuwa miongoni mwa waliojipanga foleni mapema. Mpigapicha alimpa nakala nne. Tatu zilipotelea kwenye makaratasi ya ofisini, na hii moja ikakaa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo pamoja na vifungo na risiti za ada zetu za shule. Ni ndogo, sentimita 3.5 kwa 4.5, nyeusi na nyeupe, na mkwaruzo umeikata kutoka sikioni hadi begani.

Tulitaka kuitundika sebuleni kwa ukubwa ambao hata mgeni aliye mlangoni ataiona. Nilikuwa nimeshaumia mara moja. Mwaka jana niliagiza mtandaoni picha ya harusi ya dada yangu, nikaambiwa itapakwa rangi kwa mkono juu ya kanvasi. Ilipofika ilikuwa na mikwaruzo ya brashi inayosikika ukiipapasa, nikafurahi. Baadaye mwanangu alichukua lenzi ya maabara ya shule, akaniita. Chini ya ile mikwaruzo kulikuwa na nukta ndogondogo za wino, kama za gazeti. Walikuwa wameichapisha kwa mashine, kisha wakapaka gundi isiyo na rangi juu yake ili ishikike kama rangi. Tangu siku hiyo sinunui kazi ya mkono bila kuishika mwenyewe na kuitazama kwa lenzi.

Kwa hiyo safari hii nilimtafuta mchoraji ninayeweza kukaa naye. Yuko ghorofani, Barabara ya Oginga Odinga, chumba cha mwisho baada ya mafundi wa kushona. Ni kijana aliyeanza kwa kuandika mabango ya vinyozi na kuchora sufuria na vikombe kwenye kuta za mikahawa. Nilimkuta akichora uso wa mzee mmoja, nikasimama nyuma yake karibu robo saa kabla hajajua kuna mteja.

Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini: alikataa kubaki na picha. “Mama, hii ni moja. Ikipotea hapa nitakuambia nini?” Akaniuliza nina nakala ya skani, nikampa ile niliyofanyiwa saiba, kwenye duka la kompyuta na intaneti. Aliifungua kwenye simu, akaikuza, na macho ya mama yakageuka miraba ya kijivu. Saiba walikuwa wameskani kwa nukta 300 kwa inchi. Kwa picha ndogo namna hiyo unapata nukta 400 hivi tu kwa upana. Alinirudisha nikaombe 1,200, na tofauti ilikuwa kubwa: kope zilionekana, na uzi wa kitambaa cha kichwani ukaonekana. Ukienda na picha ndogo, lisemee hilo mwanzoni kabisa. Na ukienda na picha mpya ya simu, isiwe ile iliyopigwa karibu na uso. Simu ikiwa karibu sana pua huvimba na masikio hurudi nyuma, na mchoraji akiifuata kwa uaminifu atakuchorea mtu mwingine.

Anafanya kazi kwa miraba. Huchapisha nakala kubwa, huigawa kwa rula, kisha huchora miraba hiyohiyo kwenye karatasi nzito ya A3 kwa penseli ngumu, nyepesi kiasi kwamba utaifuta bila kuacha kovu. Halafu anahamisha mraba mmoja mmoja. Hapo bado hakuna uso, kuna mistari tu. Kivuli ndicho kinacholeta mtu. Anaanza na penseli ngumu, anashuka polepole hadi 6B na 8B, zilizo laini na nyeusi zaidi, kwa nywele na mboni, na weusi wa mwisho kabisa anautia kwa mkaa wa kuchorea. Mwanga machoni na kwenye ncha ya pua hauchorwi: anauacha karatasi tupu, au anauchomoa kwa kifutio laini anachokifinyanga kama unga wa chapati. Nilipenda sana kuona hilo. Mama yangu alitokea kwa kufutwa kama alivyotokea kwa kuchorwa.

Sasa nieleze kosa, kwa sababu nililiona na liliniuma. Mama alikuwa na alama ndogo juu ya nyusi ya kushoto, aliyoipata utotoni alipoanguka kwenye mawe akiteka maji. Mkwaruzo wa begani mchoraji alikuwa ameniuliza, nikamwambia autoe. Alama ya nyusi hakuniuliza. Aliidhani uchafu wa karatasi, akaisafisha. Tena alikuwa ameinua pembe za mdomo kidogo, kwa sababu wateja wengi humwomba amchore marehemu wao akitabasamu. Nilipoona mchoro nilisema, “Huyu ni dada yake mama.” Alikuwa mzuri kweli, lakini hakuwa yeye. Mama hakutabasamu siku ile. Alikaa kama mtu anayesubiri kuulizwa jina lake na yuko tayari kulijibu. Nilitaka uso huohuo.

Kijana hakubishana. Alichukua kifutio mbele yangu, akashusha mdomo, akairudisha alama kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Dakika ishirini hazikuisha. Alipoigeuza karatasi nilishindwa kusema, nikamshika mkono tu.

Tulichukua pia ya rangi, sentimita 50 kwa 60 juu ya kanvasi, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, maana picha yenyewe haina rangi. Aliniuliza mama alikuwa mweusi wa namna gani, na nikagundua sijawahi kulisema hilo kwa maneno. Mwishowe nilimpa mkono wa mdogo wangu, anayefanana na mama, akachanganya kahawia, buluu nzito na wekundu kidogo mpaka zikafanana na ngozi ya kiganja kwa nje. Weusi wa kopo hatumii kwenye ngozi. Anasema unaifanya ngozi ionekane kama majivu. Kitambaa cha kichwani nacho kilileta ubishi. Mimi nilisema maruni, mdogo wangu akasema kijani. Tulimpigia mama mdogo aliye Mbale, Vihiga. Jioni hiyohiyo akatuma kitambaa chenyewe kwa matatu, ndani ya bahasha. Kilikuwa kijani, na ukingo wa maruni.

Hata hivyo, ya rangi naipa nafasi ya pili. Alitumia akriliki, rangi ya kuchanganywa na maji, ambayo hukauka upesi sana, na kwenye shavu mahali mwanga unapokutana na kivuli unaona mpaka, kama ukingo wa maji. Rangi ya mafuta ingempa muda wa kuyeyusha mpaka huo, lakini hukauka kwa siku nyingi na vanishi yake kwa kawaida husubiri miezi sita au zaidi, nasi tulikuwa na siku ya kumbukumbu ya marehemu mama. Kitambaa amekipatia barabara. Nikitaka kumwona mama, lakini, naitazama ya penseli.

Kuhusu pesa: ya penseli shilingi 4,500 bila fremu, ya rangi 12,000, nusu kwa M-Pesa kabla ya kuanza. Aliahidi wiki mbili, ikawa wiki tano. Alinipigia simu kila alipochelewa, lakini ukiwa na tarehe isiyosogezeka, mpe kazi mapema.

Fremu msichukue popote tu. Fundi wa kwanza niliyemwendea, mtaani kwetu, alitaka kulaza kioo moja kwa moja juu ya mchoro. Kisumu unyevu ni mwingi, karatasi ikigusa kioo itashikana nacho na kuota ukungu, na penseli itahamia kwenye kioo. Mchoraji alikuwa ameshanionya, na alikuwa ameupulizia mchoro dawa ya kushika unga wa penseli. Mwambieni fundi aweke ukingo wa kadi katikati ya mchoro na kioo. Ya kwetu iko ukutani mbali na dirisha, jua lisiifikie.

Mama mdogo alikuja Jumapili, akitokea soko la Kibuye na ndizi zake. Hakukaa. Alisogea hadi ukutani, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya nyusi ya kushoto.

Wiki iliyopita nimempelekea kijana picha ya baba. Safari hii nimeandika nyuma ya bahasha: alama ya kidevuni ni yake, ya shavuni ni ya karatasi.