Seti za kintsugi kwa hewa ya Unguja na Pemba: dhahabu ndiyo kazi ndogo

Seti za kuungia vyombo kwa mtindo wa kintsugi, ufundi wa Kijapani wa kuunga vyombo vilivyovunjika na kuipamba mistari ya kiungo kwa dhahabu, zinazoagizwa mtandaoni ni za aina mbili, na picha ya boksi haikusaidii kuzitofautisha: zote zina bakuli lenye mishipa ya dhahabu. Ndani ni vitu mbalimbali kabisa.

Ya kwanza, ya bei nafuu, ina epoksi ya mirija miwili, kichupa cha unga unaong'aa, vijiti, brashi na glavu. Unga huo si dhahabu. Ni maika, madini yanayong'aa, iliyotiwa rangi, au shaba ya manjano iliyosagwa. Kwa maneno mengine ni ile ile gundi ya kuchanganya inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, imevishwa nguo ya harusi. Haina ubaya. Sahani ya kaure ya kutundika ukutani iliyovunjika vipande vitatu inaungika vizuri, mradi usiyapuuze yale ambayo karatasi ya maelekezo inayapitia juu juu. Osha vigae kwa sabuni, viache vikauke siku nzima, kisha futa kingo kwa spiriti; mafuta ya kidole tu yanatosha kuifanya gundi iachie. Vipange vikavu kwanza na uvitie namba kwa utepe wa karatasi, kwani ukikosea mpangilio kigae cha mwisho hakiingii. Changanya mirija miwili sawa kwa sawa, kiasi cha punje ya kunde kwa mara moja: gundi iliyoandikwa dakika tano, kwa joto la adhuhuri la huku, hushika kabla ya hizo tano. Unga ukizidi kiungo hudhoofika, hivyo bora uunge kwa gundi tupu, halafu upitishe mstari wa kung'aa juu yake. Kilichofurika kikate kwa wembe kingali laini kama ubani uliotafunwa. Chombo kisiguswe saa 24.

Ukiweza kuchagua, chukua maika. Shaba ya manjano kwa upepo wa chumvi hufifia na kuingia weusi. Na usiungie kikombe cha kahawa, kwa sababu joto huilegeza epoksi, wala gundi hiyo haikutengenezwa iguse chakula. Chetezo ndiyo kabisa. Makaa yatakiachanisha siku ya kwanza.

Aina ya pili ndiyo kintsugi yenyewe, "kin" dhahabu, "tsugi" kiungo. Gundi yake ni urushi, utomvu wa mti wa Asia ya Mashariki ulio ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Anayebabuka kwa utomvu wa embe au mafuta ya ganda la korosho ajihadhari zaidi, maana urushi mbichi hutoa vipele vinavyowasha kwa siku nyingi. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu. Ukidondokewa, futa kwa mafuta ya kupikia kwanza, sabuni baadaye.

Urushi haikauki kwa kupoteza maji. Huganda kwa kimeng'enya chake, nacho kinataka hewa yenye unyevu wa asilimia 70 hadi 85 na joto la nyuzi 20 hadi 30. Wajapani hutengeneza kabati maalumu, muro, lenye kitambaa kibichi ndani. Huku wakati wa masika boksi la kadibodi lililofunikwa linatosha. Chumba chenye kiyoyozi ndicho kinachoua kazi. Kwa kuunga, urushi huchanganywa na unga wa ngano uliokandwa kwa maji, chombo kikakaa bokisini wiki mbili au zaidi. Mapengo huzibwa kwa urushi na unga wa udongo laini, hupigwa msasa wa maji, hupakwa safu nyembamba nyeusi, kisha nyekundu. Ile nyekundu ikianza kunata ndipo dhahabu hunyunyizwa kwa pamba. Ni vumbi la juu tu, haishiki chochote.

Kipeperushi ndani ya seti zote mbili kinahubiri kuponya moyo: nyufa zako ndizo uzuri wako. Mfano si mbaya, ila wameuandikia dhahabu na kuliruka boksi la kusubiria. Kosa kubwa la wanaoanza ni kupaka safu nene ili wamalize haraka. Juu hukunjamana na kuwa ngumu, chini mbichi, sawasawa na kidonda kilichofunga ngozi kabla usaha haujatoka, na dawa ni ile ile: kukwangua na kuanza upya. Mwenye epoksi ya dakika tano asijipe tabu na kipeperushi hicho.

Kwa pambo, seti ya epoksi inatosha, tena ukinunua gundi na unga mbalimbali unaokoa fedha. Kwa bakuli la kulia, urushi, ukiwa na miezi miwili mitatu ya kusubiri. Kaure ya kale ya Kichina iliyorithiwa isiguswe na seti yoyote. Wahifadhi wa makumbusho hutumia gundi iitwayo Paraloid B-72, inayoyeyuka tena kwa asetoni kosa likitokea.

Chombo kilichoungwa kwa urushi kisiingie maikrowevu, na asikisugue mtu kwa jivu wala mchanga. Sifongo laini na sabuni, kisha kifutwe papo hapo.