Chumba cha kupanga Isevya, Tabora: uzoefu wangu kama mwanafunzi kutoka Burundi

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, niko Tabora kwa masomo. Nimepanga chumba kimoja mtaa wa Isevya, kodi shilingi 40,000 za Tanzania kwa mwezi. Ndugu na marafiki wa Bujumbura na Uvira hawaachi kuniuliza maisha ya huku yakoje, basi leo nieleze chumba chenyewe, na hasa umeme, maana kwenye nyumba hii umeme ndio habari kubwa.

Chumba ni futi kumi kwa kumi, sakafu ya saruji, dirisha lina nondo na wavu wa mbu. Ukishaweka kitanda cha futi tatu na nusu, meza, ndoo mbili na jiko la gesi la mtungi mdogo, umemaliza; mgeni akija anakaa kitandani. Dari hakuna. Juu ni bati tupu, na kuta za kugawa vyumba hazijafika kwenye paa, kwa hiyo ukikohoa usiku, jirani wa chumba cha tatu anakupa pole. Mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado, ukirudi chuoni saa nane mchana ndani hapakaliki. Wapangaji wote tunahamia chini ya mwembe uani na madaftari yetu. Tabora kwa bahati nzuri miembe haina uhaba.

Kukipata hakukuwa kazi, ingawa Tabora ina vyuo vingi (Chuo cha Reli, cha Ardhi, cha Utumishi wa Umma) na muhula ukianza vyumba vinagombewa. Dalali alichukua chake, kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi. Mama mwenye nyumba alitaka ya miezi sita, tukaelewana mitatu. Kwa kuwa mimi ni raia wa nje, alitaka kopi ya pasipoti na kibali cha mwanafunzi, kisha akanipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa nikaandikwa, na mkataba tukausaini palepale ukagongwa mhuri. Wenzangu wengine wanaona huo ni usumbufu. Mimi nasema mwenye nyumba asiyetaka kujua umetoka wapi, siku likitokea la kutokea atasema hakufahamu.

Maji hayana shida: bomba liko uani, ni maji ya Ziwa Victoria, bili tunachanga. Choo na bafu viko nje, zamu za usafi zimebandikwa mlangoni na zinafuatwa, isipokuwa wakati wa mitihani.

Sasa umeme. Nyumba ina vyumba sita na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: unanunua, unapewa tarakimu za kuingiza kwenye mita. Utaratibu niliokuta: kila chumba elfu tano kwa mwezi, mama ananunua, mtoto wake wa darasa la nne anasomewa zile tarakimu 20 anabonyeza. Kwa kusikia tu ni haki. Ila chumba namba mbili anakaa dada mwenye friji kubwa la kugandisha, anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa mtaa mzima. Mimi nina taa moja, simu na kompyuta. Wote elfu tano. Kabla ya tarehe 20 mita inaanza kulia, na tunachangishwa tena.

Kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua mpaka aelezwe. Mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Akizidisha anahamishiwa tarifu (kundi la bei) ya juu, shilingi 292. Kwa elfu tano, wa chini anapata yuniti kama 40, wa juu anapata 14 hivi. Familia moja yenye taa na televisheni inaweza kubaki chini ya 75, lakini vyumba sita kwenye mita moja, tena na friji la biashara, thubutu! Kwa hiyo mwanafunzi mwenye balbu moja ananunua umeme kwa bei ya watumiaji wakubwa. Ukienda kutazama chumba, rangi ya ukuta iache. Uliza mita iko kwenye tarifu gani na mnaichangia wangapi.

Kodi ya jengo nayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Hapa nampa mama heshima yake: huiweka yeye juu ya michango yetu bila kukumbushwa. Nyumba nyingine mpangaji anaimeza kimyakimya.

Nilimwendea jioni moja na hesabu kwenye karatasi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo umeniletea mtihani?" Akasoma, akaguna, akaiweka chini ya kanga. Wiki iliyofuata akakubali nifunge mita ndogo ya chumba changu; kifaa na ufundi vikawa 45,000, zikakatwa kwenye kodi. Sasa umeme wangu haufiki 3,500 kwa mwezi. Wengine walipoona wakadai zao, na leo kila chumba kina yake.

Kwa 40,000 nakipa chumba hiki alama 7 kati ya 10. Mbili zimeondoka na lile bati, moja na foleni ya bafu asubuhi. Nimeongeza mkataba.

Barafu ya ukwaju iliyokuwa 100 sasa ni 200. Dada wa namba mbili huwaambia wateja waziwazi, nami nikisikia, kwamba malalamiko yote wayapeleke kwa Mrundi wa namba tano.