Bangili ya mfupa wa ng'ombe badala ya pembe za ndovu: uzoefu wangu

Bangili ninayoieleza hapa imechongwa na fundi wa Iringa mjini kwa mifupa ya miguu ya ng'ombe inayotoka machinjioni, na nimekuwa nikiivaa kazini na kanisani tangu mwaka jana. Niliiagiza kwa kuwa mama mkwe wangu alitamani kitu cheupe chenye mng'ao wa pembe za ndovu, ambazo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoupendekeza. Hata hivyo ujangili ulirejea, na tembo wa nchi yetu wakapungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hatuhitaji kukumbushwa. (Mama mkwe alipata yake, hii ni ya pili.)

Kinachonivutia zaidi ni maungio. Mfupa wa mguu wa ng'ombe ni mwembamba na una uwazi katikati, kwa hiyo hautoi bangili nzima kama pembe inavyoweza. Fundi hukata vipande vilivyopinda, akavibana kwa gundi na vipini vidogo vya shaba, kisha akavisugua kwa msasa hadi kidole kisihisi mahali vinapokutana. Kabla ya hapo mifupa huchemshwa na kuondolewa mafuta, kwani mafuta yakibaki ndani rangi hugeuka manjano, halafu huwekwa kwenye haidrojeni peroksaidi ili iwe nyeupe, si kwenye dawa ya klorini, ambayo huufanya mfupa uwe dhaifu.

Kasoro yake ni kwamba hunyonya jasho na manukato, na haifai kuvaliwa wakati wa kuosha vyombo. Sikupenda pia zile bangili ambazo fundi alizichovya kwenye chai ili zionekane kuukuu: zinaendeleza tamaa ileile ya pembe za ndovu, na zinaweza kumsumbua mvaaji uwanja wa ndege zikidhaniwa ni pembe halisi, ingawa ukitumia lenzi utaona mfupa una vitundu vidogo vyeusi, ilhali pembe ya ndovu iliyokatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana.

Kwa vifungo vya koti ningechagua tagua, mbegu ngumu na nyeupe ya mti wa jamii ya michikichi unaoota Ekuado, lakini ni ndogo mno kwa bangili na huku haipatikani kwa urahisi. Fundi aliniuzia bangili kwa shilingi 25,000, na anapokea pia kazi ya kubadilisha kipande kimoja kikipasuka.