Umeuziwa dawa bandia India? Polisi si mlango wake

Nyota tatu kati ya tano kwa huduma ya mkaguzi wa dawa nchini India. Sheria iliyo nyuma yake tungeipa nne.

Wengi wanaouziwa dawa bandia Delhi au Chennai, wakiwemo wagonjwa wetu wanaokwenda huko kutibiwa, hukimbilia kituo cha polisi. Tarehe 28 Agosti 2020 Mahakama ya Juu ya India ilimaliza ubishi: kwa makosa ya Sura ya IV (utengenezaji na uuzaji wa dawa) ya Sheria ya Dawa na Vipodozi ya 1940, polisi hana ruhusa ya kufungua FIR (jalada la awali la jinai), kupeleleza wala kukamata. Kazi hiyo yote ni ya mkaguzi, na kukamata pia anaruhusiwa. Ajabu ni kwamba makosa yenyewe si madogo: dawa bandia inayoweza kuua au kudhuru vibaya ina kifungo cha kuanzia miaka 10 hadi maisha, na faini isiyopungua rupia laki 10 au mara tatu ya thamani ya mzigo uliotaifishwa, ipi kubwa.

Kifungu cha 32 kinataja wanaoweza kushtaki: mkaguzi, ofisa wa serikali aliyeidhinishwa, mtu aliyedhurika, au chama cha watumiaji kinachotambuliwa. Polisi hayumo. Anabaki na sheria nyingine, kwa mfano ya udanganyifu. Ukimwendea, mweleze ulivyotapeliwa, usimdai apime vidonge.

Ubora wa huduma hii unaonekana kwenye sampuli. Mkaguzi hulipa bei ya dawa anayoichukua dukani, huandika notisi ya Fomu 17, kisha huigawa mafungu manne mbele ya mwenye duka na kuyapiga lakiri. Mwenye duka anaruhusiwa kuweka na alama yake. Fungu moja anaachiwa yeye, moja linakwenda kwa mchunguzi wa serikali (mtaalamu wa maabara anayepima dawa), moja linatunzwa kwa ajili ya mahakama, na la nne anapelekewa aliyemuuzia mwenye duka dawa hiyo, kama ametajwa. Dawa ya chupa ndogo, ambayo ikifunguliwa inaharibika, haigawanywi. Huchukuliwa chupa nzima nzima. Hapo hata wakili mjanja anapata taabu kudai kwamba sampuli ilibadilishwa njiani.

Kasoro kubwa ni muda. Mshtakiwa akishapata nakala ya ripoti ya mchunguzi ana siku 28 za kutoa taarifa kwa maandishi kwamba anaipinga, na fungu la mahakama linaweza kupelekwa Maabara Kuu ya Dawa, Kolkata. Sasa ripoti ikikaa ofisini, au hati ya mashtaka ikichelewa mpaka dawa imeisha muda wake, haki ya kupima upya imekufa, na kesi huifuata. Mahakama ya Juu iliwahi kufuta kesi kwa sababu hiyo mwaka 2008. Ndiyo maana unapolalamika, tarehe ya kuisha muda itangulie kwenye barua yako: ikibaki miezi mitatu, sema hivyo waziwazi.

Mnunuzi pia ana njia yake, kifungu cha 26: unajaza Fomu 14A, unalipa ada, unampelekea mchunguzi wa serikali dawa uliyonunua, naye anakupa ripoti iliyosainiwa. Peleka pakiti ambayo haijafunguliwa, pamoja na risiti yenye namba ya toleo (batch). Usikate vidonge viwili vitatu na kutupa kipande chenye namba. Hiyo ndiyo inayokiunganisha kidonge na duka. Ila ujue udhaifu wake: sampuli yako haikugawanywa mbele ya muuzaji, na utetezi utaanzia hapo hapo. Ripoti ikitoka mbaya, itumie kumwita mkaguzi akachukue sampuli yake mwenyewe dukani, kabla toleo hilo halijaisha kwenye rafu.